WATOTO 36 WA BABA MMOJA

Habari za nyumba ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, na yaliyowapata warithi wake

Kijana, wewe uliyepewa karatasi hii! Usiikunje ukafungia karanga kabla hujaisoma. Kaa hapo chini ya mwembe, au juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni, usome mpaka mwisho. Ni habari ya kweli. Tena si ya mtu wa mbali usiyemjua kabisa. Ni ya mtu ambaye misafara ya watu wake ilifika mpaka kwenye ziwa letu hili la Tanganyika kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Kwanza nikuulize. Je, baba yako ana nyumba ngapi? Usikasirike, nauliza tu. Huku kwetu Wampembe, na Kala, na Ninde, mpaka kule juu Namanyere, wengi tumekua katika miji ambayo mama ni wawili au watatu. Mzee akiwa hai wote tunakula, tunacheka. Mzee akifa tu, hata arobaini haijaisha, utasikia: mtumbwi ni wa nani? Nyavu ni za nani? Zile karabai nne ni za watoto wa mama mkubwa au wa mama mdogo? Ndugu waliovua dagaa pamoja usiku kucha hawasalimiani tena. Umeona au hujaona? Umeona!

Sasa fikiri juu ya mzee ambaye hakuacha mtumbwi. Aliacha nchi mbili na merikebu za vita.

ALIVYOPATA KITI

Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Oman, kule Uarabuni, mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmed, aliuawa baharini mwaka 1804. Said alikuwa kijana wa miaka 13 hivi. Binamu yake mkubwa, Badr bin Seif, akaingia kusimamia nchi. Kumbe msimamizi akanogewa na kiti, hataki kuondoka! Said alikuwa na shangazi mwenye akili kali, jina lake Bibi Moza. Huyo ndiye aliyempa mawaidha. Basi mwaka 1806 Said, kijana asiyefikisha hata miaka 17, akamuua Badr, akakaa yeye.

Shika jambo hili, maana mbele utaliona tena na tena. Kwa Waoman haikuwa sheria kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayerithi. Aliyekubaliwa na wakubwa, au aliyekuwa na nguvu ya kushika ngome, ndiye aliyetawala. Said alikipata kiti kwa njia hiyo, na watoto wake walikua wakiijua habari hiyo.

Alitawala miaka 50. Mwaka 1828 alifika Unguja kwa mara ya kwanza, akaipenda kuliko Muscat yenye mawe na joto. Baadaye akahamishia makao yake Unguja kabisa. Ndiye aliyewahimiza watu kupanda mikarafuu, mpaka Unguja na Pemba zikajulikana duniani kwa karafuu. Katika siku zake misafara ikazidi kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, kutafuta pembe za ndovu, na kutafuta watu pia. Ndiyo, watu. Kiswahili hiki ninachokuandikia kilifika ziwani kwa njia hiyohiyo waliyotembezwa watumwa wamefungwa. Sisi huku hatuwezi kuisimulia habari ya sultani huyu tukaacha hilo nje.

NYUMBA YA MTONI

Sasa tuingie nyumbani kwake. Tunaijua nyumba hiyo vizuri kwa sababu binti yake mmoja, Salme, aliandika kitabu cha maisha yake, kikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Habari zake Salme nitakupa, ngoja kidogo.

Jumba la Mtoni lilikuwa kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Salme anasema waliishi humo watu kama 1,000. Uani kulikuwa na bata, bata bukini, tausi, mbuni na paa, wote wanatembea pamoja na watoto wakiwafukuza! Wavulana kwa wasichana walifundishwa kupanda farasi. Juu ya baraza iliyoelekea bahari mzee alikuwa akitembea huku na huku ameinamisha kichwa, anachechemea kwa sababu ya jeraha la risasi ya zamani, anawaza. Pale palikuwa na darubini ya kutazama merikebu zinazoingia.

Mke mkubwa alikuwa Bibi Azze binti Seif, mwanamke wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mfupi, mwili mdogo, lakini jumba zima lilimwogopa. Hakuzaa hata mtoto mmoja. Watoto wote wa Said waliozaliwa na masuria. Unajua suria ni nani? Ni mwanamke mtumwa ambaye bwana wake amemchukua kuishi naye kama mke. Wengine walitoka Uhabeshi, wengine walikuwa weupe wa Circassia, kule karibu na Urusi, ambao waliporwa kwao wangali watoto wakauzwa. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa mmoja wao. Vita ilimtenga na wazazi wake akiwa mdogo sana.

Kwa sheria yao, mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni mtoto huru, anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Na suria aliyezaa anakuwa huru bwana wake akifa. Kwa hiyo tumbo la mwanamke pale lilikuwa ndiyo karatasi yake ya uhuru. Ukilifikiri hilo taratibu utaelewa kwa nini kina mama wale walitazamana kwa jicho la pembeni.

Wakati wa chakula mzee alikaa na watoto wake, na mke wake, na dada yake. Masuria hawakukaa mezani, hata yule aliyemzaa mtoto anayekula pale. Mtoto anakula, mama yake yuko chumbani. Mbele ya baba ilikuwa ni Kiarabu tu, lakini akigeuka, utasikia Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na lugha ya Circassia, vyote ndani ya ua mmoja.

Je, watoto walipendana? Wengine, ndiyo. Lakini makundi yalikuwapo. Wale wa mama wa Kihabeshi waliwaita wenzao wa mama wa Circassia kuwa ni paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Utani wa watoto tu, utasema. Haya.

Said alipofariki alikuwa na watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18. Masuria walikuwa 75. Ni hesabu ya Salme mwenyewe, na hao ni waliobaki tu, maana wengi walikuwa wameshakufa.

MTOTO WA KWANZA

Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa Hilal. Watu walimpenda. Lakini alianza ulevi, na baba yake alikuwa mtu mkali kwa mambo ya dini yao. Mwaka 1844 Said aliandika barua kwa serikali ya Uingereza akasema atakayepata nchi za Afrika ni Khalid, na atakayepata Oman ni Thuwaini. Jina la Hilal halimo! Hilal akasafiri mpaka London mwaka 1845 kuwalilia Waingereza wamsaidie. Wakampokea vizuri, wakampa heshima, ila kiti hawakumpa. Akafa Aden mwaka 1851, mbali na nyumbani.

Salme anasema baba yao alijifungia chumbani siku kadhaa, na pale aliposalia palikutwa machozi. Mimi nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Mtu ana watoto makumi, na bado yule mmoja aliyemfukuza ndiye anayemliza. Wale mnaojua habari za Daudi na Absalomu mtaelewa upesi.

Khalid naye hakukaa sana. Baba alikwenda Oman mwaka 1854 kwa ugomvi na Waajemi, akamwachia Khalid Unguja. Mwaka huohuo Khalid akafa. Nafasi yake akapewa Majid, kijana mpole, mwili dhaifu, mwenye kifafa.

MAITI USIKU

Mwaka 1856 mzee akaondoka Oman kurudi Unguja kwa merikebu yake iitwayo Victoria. Alikuwa na miaka 65. Salme anasema safari ile baba yake aliagiza mbao za jeneza zipakiwe, ili akifa mtu njiani asitupwe baharini. Kumbe mbao zilikuwa zake mwenyewe. Tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, Seyyid Said akafariki.

Mtoto aliyekuwa naye chomboni ni Barghash, kijana wa miaka kama 19, mwenye akili nyingi na moyo wa moto. Unafikiri alipofika Unguja alifanya nini? Aliwaita ndugu zake walie pamoja? Hapana! Alishuka usiku, akamzika baba yake gizani, usiku uleule akaenda kujaribu kushika ngome ya mji. Askari wa Kibaluchi wakamkatalia. Asubuhi ndugu wanaamka, wanaambiwa baba amekufa, tena ameshazikwa. Mwezi huohuo Majid akatangazwa mtawala wa Unguja. Thuwaini akabaki Muscat.

Hapa niseme neno. Jina la Kaisari Augusto umelisikia kila Krismasi, yule aliyetoa amri watu waandikwe. Kaisari yule shida yake ilikuwa kinyume cha hii. Alitawala dunia ya Roma, lakini hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Alikuwa na binti mmoja tu, Julia, na huyo alimfukuza akamweka kisiwani. Akawachukua wajukuu wawili, Gaius na Lucius, akawafanya wanawe, wote wawili wakafa vijana. Mwisho kiti kikaenda kwa Tiberio, mtoto wa mke wake aliyezaliwa na mume wa kwanza. Said yeye alikuwa na wavulana 18. Kwa hiyo usije ukadhani tatizo ni idadi.

NDUGU KWA NDUGU

Mali ikagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, wa kiume sehemu mbili, wa kike sehemu moja. Salme, mtoto wa miaka 12, akapata fedha na shamba lenye nyumba yake. Mali iligawanyika vizuri. Nchi je, utaikata kwa kisu?

Thuwaini alidai yeye ndiye mkubwa wa wote. Majid alikubali kumpelekea reale 40,000 kila mwaka, halafu malipo yakasimama. Mwaka 1859 Thuwaini akatweka merikebu zake kuja kumpiga mdogo wake. Waingereza wakamzuia njiani. Na wakati huohuo ndani ya Unguja Barghash anafanya njama yake.

Njama ile, kijana, ilifanywa na wanawake pia. Dada zake Khole na Meje walikuwa upande wake, na Khole akamvuta Salme. Sasa sikiliza. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma tu, kuandika hawakuruhusiwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, ananakili herufi juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia. Ndiyo maana alipokuwa na miaka 15 akawa karani wa maasi! Barua za kuagiza bunduki na baruti zilitoka kwa kalamu ya binti yule, dhidi ya Majid ambaye alikuwa amemlea nyumbani kwake kwa upendo. Mama yake Salme alikuwa amekufa kwa kipindupindu mwaka huohuo, wala hakukuwa na wa kumshika mkono.

Majid akapata habari, akaizingira nyumba ya Barghash. Dada zake wakamvisha Barghash nguo za kike, wakampitisha katikati ya askari usiku. Akaenda shamba liitwalo Marseille, wafuasi wake wakapigana pale, wakashindwa. Manowari ya Waingereza ikaleta askari, Barghash akajisalimisha, akapelekwa Bombay, Bara Hindi, kukaa miaka miwili.

Tarehe 2 Aprili 1861 Waingereza wakakata shauri: Oman ni ya Thuwaini, Unguja ni ya Majid, na Majid alipe zile 40,000 kila mwaka. Nchi ya baba ikawa mbili mpaka leo. Unaona mambo yanavyokwenda? Ndugu walipogombana, aliyeitwa kuamua ni mgeni, na mgeni akishakaa kwenye kiti cha mwamuzi hatoki bure.

Thuwaini hakufaidi. Mwaka 1866 aliuawa amelala. Na aliyemuua ni Salim, mtoto wake wa kumzaa! Salim naye akapinduliwa mwaka 1868. Mwaka 1871 Turki, mtoto mwingine wa Said, akaishika Oman. Masultani wa Oman hata leo ni wa uzao wa Turki.

Majid alianzisha mji wa Dar es Salaam, hilo mshukuruni. Akafa mwaka 1870, hakuacha mtoto wa kiume. Basi Barghash akakaa kwenye kiti alichokililia miaka 14. Alikuwa mtawala hodari, tusimnyime haki yake. Mwaka 1873, kwa kulazimishwa na Waingereza, alitia sahihi kufunga soko la watumwa. Mwaka 1883 alimaliza lile jumba la Beit al-Ajaib. Lakini mbele ya macho yake Wajerumani na Waingereza wakaigawana bara, huku kwetu tukaangukia kwa Mjerumani. Akafa mwaka 1888. Wakafuata wadogo zake, Khalifa hadi 1890, na Ali hadi 1893. Katika siku za Ali Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Ikaja zamu ya wajukuu. Agosti 1896 Sultani Hamad, mtoto wa Thuwaini, akafa. Siku ileile Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza, kama baba yake alivyotaka kufanya miaka 40 nyuma. Waingereza walikuwa na mtu wao. Tarehe 27 Agosti saa tatu asubuhi manowari zikafyatua mizinga. Vita ilikwisha kabla hata ya saa moja kutimia, na watu wa jumba waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Wengi wao hawakuwa warithi wa kitu chochote. Khalid akakimbilia kwa Wajerumani. Ufalme wenyewe uliondoka Januari 12, 1964, Sultani Jamshid alipokimbia Mapinduzi. Alifia Oman Desemba 2024, mzee sana.

BINTI ALIYEVUKA BAHARI

Nilikuahidi habari za Salme. Baada ya maasi ndugu wengi hawakumtaka. Waliokuwa upande wa Majid walimwona msaliti, na alipopatana na Majid, wa upande wa Barghash nao wakamchukia. Alikaa peke yake. Nyumba ya jirani mjini aliishi kijana mfanyabiashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mapaa yalikaribiana. Salme akapata mimba. Unajua maana yake kwa binti wa sultani wakati ule? Mwaka 1866 akatoroshwa usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mtoto akazaliwa huko. Mwaka 1867 Salme akabatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa.

Wengine wakisimulia habari hii hupenda kuishia hapo wapige makofi. Mimi siishii hapo, kwa sababu maisha hayakuishia hapo. Yule mtoto alikufa safarini kwenda Ulaya. Salme akafika Hamburg, baridi, lugha hajui, watu wanamkodolea macho. Akazaa watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Mwaka 1870 mume wake akakanyagwa na gari la reli la mjini, akafa. Mjane wa miaka 25, watoto wadogo watatu, nchi ya watu. Akaanza kufundisha Kiarabu na Kiswahili apate mkate.

Na nyumbani aliyekuwa mtawala sasa ni nani? Ni Barghash! Yule aliyemwandikia barua za maasi usiku na mchana. Mwaka 1875 Barghash alikwenda London, Salme akamfuata huko amwone, Waingereza wakamzuia. Mwaka 1885 akarudi Unguja kwa merikebu ya Wajerumani, na manowari zao zimepanga mstari mbele ya mji kumtisha kaka yake. Wao walikuwa wanataka bara, yeye alikuwa anataka urithi wake na kuwaona ndugu. Watu mjini walikuja kumsalimu. Barghash hakumpokea wala hakumlipa. Kwa Barghash huyu alikuwa dada aliyeacha dini na kuja na mizinga ya wageni. Salme naye aliona ni kaka aliyesahau nani alimshikia kalamu. Ukiniuliza nani mwenye haki, nitakuambia kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Akaja tena mwaka 1888, Barghash amekwisha kufa. Khalifa naye hakumpa kitu. Akaenda kuishi Beirut miaka mingi, akazeekea Ujerumani. Alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, umri miaka 79, akazikwa Hamburg kando ya mume wake. Kaburini aliwekewa kifuko cha mchanga wa Unguja, ambao alikuwa ameutunza siku zote.

Mtoto wake wa kiume alijiita Rudolph Said-Ruete, akaliweka jina la babu yake ndani ya jina lake. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu cha maisha ya Seyyid Said, mtu ambaye yeye hakumwona kamwe, maana alizaliwa miaka zaidi ya 12 baada ya ile merikebu Victoria kutia nanga Unguja na jeneza ndani yake.